Ndoo ya Nesi Mbuke

Kama umetoka kula sasa hivi, ngoja kwanza chakula kishuke. Hii ni habari ya miguu, tena si miguu ya bibi harusi iliyopakwa hina. Ni miguu ya wachimbaji wa Bugarama, iliyoshinda wiki nzima ndani ya mabuti ya mpira yaliyojaa maji. Mimi niliyesimuliwa tu nilikaa siku nne bila kutia nyama mdomoni. Sasa wewe shauri yako.

Ilianza mchana kweupe, saa sita na kitu. Mtu mmoja mwenye mabuti aliingia kwenye chumba cha Nesi Mbuke, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa, akasema, "Mwangaluka."

Mbuke akamtazama. Hiyo ni salamu ya asubuhi, na Msukuma hata awe amelewa haikosei. Jua lilikuwa utosini. Akajiambia labda ni mtu aliyetoka zamu chini ya ardhi, hajui saa. Akaitikia, akavaa glovu mpya.

Huyu Mbuke, binti Maduhu, alikuwa nesi wa vidonda mjini Shinyanga kwa miaka sita. Akachoka kupanga foleni ya mshahara, akapangisha vyumba viwili Bugarama, cha mbele cha kazi, cha nyuma cha kulala, akaandika mlangoni HUDUMA YA MIGUU. Alikata kucha zilizoingia nyamani. Alichonga sugu, alisafisha magaga na fangasi, alifunga vidonda vya kisukari. Kazi ya kinyaa, asikudanganye mtu. Kuna mguu ukiuvua soksi, soksi inakuja na ngozi yake.

Sasa kule kwao mtu hakuachii kilichotoka mwilini mwake. Ukimkata kucha anakinga kiganja. Adui akiipata, kwisha habari yako. Wachimbaji ndio kabisa, wao wanasema kipande chako kikibaki juu kwa mtu mwingine wakati wewe uko chini kwenye duara, yaani lile shimo la dhahabu, shimo linakuhesabu kama limeshalipwa nusu. Kwa hiyo kila mgonjwa akimaliza kuhudumiwa husema, "Nesi, naomba vyangu," naye Mbuke humfungia kwenye karatasi aondoke navyo.

Hivyo ndivyo walivyoamini. Ukweli ni kwamba Mbuke aliwahi kumwona mchimbaji mmoja, Magesa, akiitia ile karatasi ya ngozi yenye usaha kwenye mfuko wa shati, pamoja na chapati. Chapati, jamani! Akaila njiani. Tangu siku hiyo Mbuke akasema, hapana, ujinga huu mimi siushiriki. Akawa anakatakata maganda makavu ya vitunguu, anayafunga kwenye karatasi, ndiyo anayowapa. Mepesi, yanachakarika vilevile. Vya kweli alivitupa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, jioni anavimwagia mafuta ya taa nyuma ya nyumba na kuvichoma. Hakuna aliyefungua karatasi hata siku moja. Nani afungue?

Basi yule bwana akavua mabuti. Yalimwagika maji kama debe, maji ya kijivu, na harufu ikapanda mpaka Mbuke, mzoefu yule, akageuza shingo. Alipoinua mguu ule na kuuweka mapajani, akaona unyayo hauna ngozi. Haukuwa nyama mbichi pia. Ulikuwa mweupe, laini, umelowa, hauna mstari hata mmoja, kama muhogo uliosahauliwa kwenye maji ukaanza kuvunda. Kidole gumba cha Mbuke kilizama ndani.

"Hapa hamna cha kukata, baba," akasema. "Anika miguu siku tatu, usivae buti."

"Sikuja kukatwa." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye maji kooni. "Vya watu unaviweka wapi?"

Toka asubuhi Mbuke alikuwa ameshachonga visigino kumi na moja, na mgongo ulikuwa unamuuma. Alijibu kwa hasira tu. "Si ndoo hiyo hapo?"

"Nipe."

"Chukua, bwana! Chukua vyote, utaniokolea mafuta ya taa."

Yule bwana akatabasamu. Akaelekeza kidevu kwenye pazia la chumba cha nyuma. "Na huyo anayekohoa huko?"

"Mama yangu. Ana kidonda."

"Basi nikulipe nini?"

"Kama wewe ni daktari, mponye mama yangu," Mbuke akasema, akaenda kumwaga yale maji. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Jioni alipofunua ndoo aione, ilikuwa tupu pia, safi, haina hata unga wa ngozi. Nayo ilikuwa na utelezi, kama sufuria iliyolambwa na mbwa.

Hapa lazima nikueleze kuhusu huyo mama. Martina, mjane wa Maduhu, alikuwa na kisukari, na chini ya mguu wake wa kushoto kulikuwa na kidonda kilichoanza na ukubwa wa kifuniko cha soda wakati wa Pasaka, kikawa kiganja. Katikati yake, karibu na kisigino, mfupa ulishaanza kuchungulia. Daktari wa Shinyanga alisema kisipofunga ifikapo tarehe ishirini na nane, wanakata chini ya goti. Na Maduhu mwenyewe, marehemu, walimkata vilevile, hakumaliza siku arobaini. Mbuke ndiye aliyemuogesha baba yake siku zile. Kwa hiyo kila jioni alikifungua kidonda cha mama yake, akakisafisha, akakipima kwa rula, akaenda jikoni kulia peke yake kisha akarudi na uji.

Siku ya tatu baada ya yule bwana, rula ilisema kidonda kimepungua. Siku ya tano kimepungua tena. Pembeni kulikuwa na ngozi mpya. Mbuke alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Na ndoo kila jioni akiifunua, tupu. Je, aliuliza? Hakuuliza. Ungekuwa wewe ungeuliza?

Wiki ya pili Magesa akarudi, anachechemea. Akapanda kwenye kiti, akashusha sauti, mtu mzima yule, macho yanamtoka.

"Nesi, angalia kisigino. Hakiumi. Lakini kinapungua."

Palikuwa na tundu. Halina damu, halina usaha, mviringo kama limekatwa kwa mdomo wa chupa. Mbuke akaingiza kijiti chenye pamba, kikaenda, kikaenda, na Magesa hakushtuka hata kidogo. Ndani kulikuwa na ubaridi na maji ya kijivu. Kesho yake akaja Wema, mama lishe wa pale stendi, yeye tundu lake liko kwenye unyayo, akasema akitembea anasikia upepo unapita ndani. Siku iliyofuata walikuja watano. Wote aliowachonga yeye. Mbuke aliwafunga gozi, kile kitambaa cha vidonda, akawaambia ni fangasi wa aina mpya.

Jioni ile akawasha taa ya kichwani, akauinua mguu wa mama yake, akaangalia sawasawa. Mungu wangu. Ile ngozi haikuwa moja. Kipande hiki cha manjano, kigumu. Hiki chembamba, kina magaga ya mwanamke. Kingine kina kovu lenye umbo la mundu, na kovu lile Mbuke alilijua, alilisafisha mwenyewe kwenye kisigino cha Magesa asubuhi ya siku ile aliyokuja yule bwana. Vilikuwa vimeungana pembeni kwa kitu kama ute uliokauka. Akakimbilia nje, akatapika juu ya ndala zake.

Ukadhani ndiyo mwisho, ataacha. Mtu aache nini wakati rula inasema zimebaki sentimita mbili?

Alhamisi mvua ilishuka saa nne asubuhi, ile ya kupiga bati mpaka husikii unachowaza, wagonjwa wakatawanyika, naye Mbuke akatoka mbio kuanua shuka kwenye kamba, akarudi amelowa, na chini ya kelele ya mvua akasikia kitu kama mtu anayelamba kidole baada ya ugali, mlambo mmoja, kimya, mlambo mwingine, akadhani ni paka, akasogea kwenye pazia la chumba cha nyuma, na harufu ikamfika kabla ya macho, harufu ya buti lililovuliwa na samaki aliyesahaulika kwenye mfuko, akalisogeza pazia kwa kidole kimoja, na pale sakafuni, upande wa miguuni pa kitanda, yule bwana alikuwa amechuchumaa na ndoo mapajani, anachambua kama mwanamke anayechambua mchele, akiokota ganda la ngozi analiinua kwenye mwanga, analinusa, jingine anabandika kwenye nyayo zake mwenyewe ambazo sasa zilikuwa na ngozi karibu yote, jingine analitia mdomoni, analitafuna taratibu mpaka lilainike, halafu analitoa kwa vidole viwili likivuta ute, na kulibandika kwenye mguu wa Martina na kulipapasa pembeni kwa ulimi.

Hakugeuka. "Mwangaluka," akasema. "Pale penye mfupa nimeweka ya yule kijana wa Ushirombo. Ngozi yake nzuri. Imebaki kazi ndogo tu."

Mbuke akafumba macho, akahesabu mpaka kumi kama mtoto, alipofumbua palikuwa na ndoo tu sakafuni, inazunguka polepole, inasimama.

"Ameshaondoka?" Martina akauliza kutoka kitandani.

Mbuke akageukia kitandani. "Mayu, unamwona?"

"Si anakuja kila siku? Mguu hausikii kitu lakini macho yangu mazima. Nilidhani ni daktari uliyemleta." Mama akanyanyuka kwa viwiko, akauona uso wa binti yake. "Ng'wanone, mwanangu. Mbona hivyo? Ni nani yule?"

Mbuke akamwambia. Yote, mpaka vitunguu. Martina hakuwa mwanamke wa kulia. Alisikiliza, halafu akausukuma mguu wake mwenyewe mbali kama mtu anayesukuma bakuli lenye nzi.

"Yaani mimi nafurahi napona, kumbe natiwa viraka! Na mate ya jini! Mbuke, mwite Mwamvua wa Kahama. Leo hii."

"Mayu, tarehe ishirini na nane ni wiki ijayo. Ikitoka hii ngozi watakukata."

"Wakate. Nitakufa na mguu wangu nusu, sitaishi na wa Magesa. Huyo si ana watoto?"

Bi Mwamvua alifika siku ya pili kwa pikipiki, mganga mfupi, mnene, mwenye miwani na haraka zake. Alipita mlangoni hatua mbili, akaziba pua kwa kanga, akarudi nje, akatapika, akasukutua mdomo, akaingia tena.

"Shikamoo, bibi," Mbuke akasema.

"Marahaba. Miaka thelathini nafanya kazi hii, sijakutana na uchafu wa namna hii." Akashusha sauti, akanong'ona kana kwamba kuna anayesikiliza kwenye kona. "Hili ni la shimoni. Halina nyayo, ndiyo maana halikai huku juu, labda lipite kidogo ndani ya mabuti yenye maji ya shimo. Haliwezi kukanyaga ardhi ya watu. Wewe umelipatia nyayo. Ulilipatia kwa mdomo wako mwenyewe, ulisema chukua. Na vya watu vilikuwa mikononi mwako, havina mwenyewe, kwa sababu wenyewe umewapa vitunguu."

"Nifanye nini?"

"Waite wote. Kila mmoja asimame mlangoni, ataje jina, aviombe. Wewe umjibu, chukua, ni vyako. Kwa kila jibu, alichopewa yule kitamtoka, na wao watapona. Akirudi kama alivyokuja, atashuka mwenyewe. Lakini wote, mwanangu, umenielewa? Akibaki mmoja, atakuwa na pa kukanyagia."

Mbuke alikuwa na daftari la wagonjwa lenye namba za simu. Aliwapigia watu thelathini na wawili. Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa, wengine na fimbo, wengine wamebebwa mgongoni. Akasimama mbele yao akakiri. Hakuna kelele iliyowahi kupigwa Bugarama kama ile.

"Vitunguu!" Wema alipiga makofi kwa hasira. "Miezi miwili nalala na vitunguu chini ya mto!"

Magesa akamtemea mate miguuni. Mbuke hakujifuta. Akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda miguuni pa kitanda, mguu wa mama yake uko mbele ya macho yake. Bi Mwamvua akawasha udi, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Hewa ya chumba ikawa nzito, na ile harufu ikaja, ikakaa kwenye kona ya kabati. Sakafu ya pale ikalowa.

"Mimi Magesa. Naomba vyangu."

"Chukua, Magesa. Ni vyako."

Kile kipande chenye kovu kikakunjamana pembeni, kikabanduka na mlio wa plasta iliyolowa, kikadondoka kwenye beseni. Chini yake kidonda kilekile, chekundu, kinavuja. Nje Magesa akapiga kelele, akaanza kukanyaga chini kwa kisigino kizima, huku anacheka na kulia.

Wakaja mmoja mmoja. Kila aliyeitwa alipona, na kila aliyepona alichukua kipande. Beseni likajaa maganda yenye ute, mengine yakijikunja yenyewe kama funza kwenye chumvi, na kidonda kikafunguka mbele ya Mbuke kwa mpangilio uleule aliokipima kikifunga, jioni baada ya jioni, kwa rula yake. Na kwenye kona pale, kitu kilikuwa kinaguna. Maji ya kijivu yalianza kurudi nyuma, yakielekea mlango wa uani.

Martina alikuwa amelala chali, anaangalia bati. Hakuweza kuuona unyayo wake. "Endelea, ng'wanone," alikuwa anasema. "Usimwangalie mtu usoni. Endelea."

Mpaka akabaki mmoja, na kwenye mguu kikabaki kipande kimoja, kidogo, cha kahawia, kimelala juu ya mfupa kama kifuniko. Bila hicho mfupa uko wazi. Mbuke aliijua kazi yake. Kidonda kinachoonyesha mfupa hakuna daktari wa kukibembeleza. Kidonda cha nyama tu, chenye mfupa uliofunikwa, hicho atakipigania, na tarehe ishirini na nane atasimama mbele ya daktari na kusema, angalia, kimepungua.

Akamwona baba yake kwenye beseni la kuogea, na kile kisiki cha mguu.

"Mimi Innocent," sauti ikasema mlangoni. Ni yule kijana wa Ushirombo. Alifika wa kwanza alfajiri, lakini aliwapisha wamama wote na wazee, ndiyo maana akawa wa mwisho. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fremu ya mlango, na gozi la kisigino chake limelowa kijivu. "Shikamoo, mama. Pole na kuumwa."

"Marahaba, baba," Martina akamjibu kutoka kitandani.

"Dada Mbuke, naomba vyangu."

Bi Mwamvua akaacha kusoma, akasubiri. Kona ya kabati ilikuwa kimya kabisa. Mbuke alitazama ule mguu, akatazama daftari, akasikia mdomo wake unaongea, tena kwa upole, sauti ileile ya kumwambia mgonjwa kuwa sindano haitauma.

"Wewe, Innocent, sikukubadilishia. Wewe nilikupa vyako vya kweli. Hukumbuki? Ile karatasi ilikuwa nzito."

Kijana akafikiri. Akakunja uso, akajitahidi kukumbuka, kisha akaona haya.

"Ee, kweli, dada. Basi nitakuwa niliviangusha njiani. Ni uzembe wangu." Akajiinua kwenye fremu. "Samahani kwa usumbufu. Na asante kwa kunitendea haki."

"Usijali," Mbuke akasema. "Loweka mguu kwenye maji ya chumvi."

Alimsikia akiteremka ngazi moja moja, akipumzika kila ngazi. Pembeni, chini ya kabati, maji yalikuwa yamesimama.

"Mbona bado kunanuka?" Bi Mwamvua akauliza taratibu.

"Ni ndoo, bibi. Nitaiosha."

"Wameisha?" mama yake akauliza.

Mbuke akachukua gozi safi, akaufunga mguu, akaanzia kwenye mfupa.

"Wameisha, mayu."